Ukingo wa Mwanafunzi

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kabla hujaitikia, pokea ya pili, maana ile ya barua iliyopita uliijibu kwa kadi yenye maneno manne tu, nami nimeamua kuihesabu kuwa haijaitikiwa. U mzima? Kile kifua cha wakati wa baridi kimekuacha? Vipimo vyenu vya ardhi vinaendeleaje? Mama anauliza kama bado unalala na madirisha wazi. Amenisisitizia niandike neno “bado” kwa herufi kubwa, lakini mwalimu wetu wa lugha hapendi herufi kubwa zisizo na sababu, kwa hiyo lisome tu kwa sauti ya Mama, utaelewa.

Huku nyumbani hatujambo. Mama hajambo, mimi sijambo, Baba hajambo. Hilo neno la Baba naomba uliweke pembeni kidogo, kwa sababu lina safari yake na nitalifikia. Nina habari nyingi hadi kalamu inataka kutangulia mkono. Nimejiapiza kuzipanga kama tulivyofundishwa, ya kwanza kwanza na ya mwisho mwisho, ingawa hiyo ya mwisho inaniwasha ulimi tangu asubuhi.

Ya kwanza ni mashine yangu. Unakumbuka kile kikokotoo chako kilichokanyagwa, ukasema nikitupe? Sikukitupa. Mwalimu wa fizikia alituonyesha kwamba juu ya kioo chake kuna kikaratasi cha plastiki cheusi-cheusi, ukikibandua taratibu kinatoka kizima. Akatueleza kwamba mwanga hutikisika pande zote kama nywele zisizochanwa, na kikaratasi kile ni chanuo: hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Sasa sikia utamu wenyewe. Mwanga ukigonga kitu laini kinachong'aa, ukaruka kuja kwako, unaruka ukiwa umeshachanwa kiasi. Na ipo pembe moja ambayo unakuwa umechanwa kabisa! Ukitazama kwa pembe hiyo kupitia kikaratasi, kisha ukakizungusha, ule mng'ao unakufa. Dada, unakufa kama taa iliyozimwa, na kitu chenyewe unaendelea kukiona palepale, kimetulia.

Na kila kitu kina pembe yake! Maji yana yake, kioo kina yake, nta ina yake. Kwa hiyo ukiijua pembe, unakijua kitu, hata kama kwa macho vinafanana kama mapacha. Chuma ndicho mkaidi. Mng'ao wake hufifia lakini haukubali kufa, uzungushe mpaka mkono uchoke. Nilijaribu kwa sufuria zote za Mama, na Mama akauliza kama huko shuleni siku hizi wanatufundisha kuchungulia sufuria tupu, maana hilo tungeweza kujifunzia nyumbani bila karo.

Nilichukua ubao mwembamba nikakata nusu duara pana kama sinia, ili nyuzi zisisongamane, nikazichora zote kwa kile kipimapembe ulichoniachia. Juu yake nikafunga mikono miwili ya mbao: mmoja umebeba tochi, mwingine umebeba bomba la karatasi lenye kikaratasi ndani. Mwalimu aliikagua akasema ni kazi safi. Baba aliikagua akasema viungo vyangu vinacheza kama meno ya mtoto, akavikaza mwenyewe, kisha akaipa jina: Mashine ya Kuumbua.

Hapo ndipo habari ya pili inapoanza, nayo si ya kuchekesha.

Unajua jinsi Baba alivyoisubiri kazi ya meza za maktaba mpya. Alizimaliza mwezi wa pili, zikapangwa, na mkutubi akamwahidi kwamba zikipendeza atampa rafu zote na milango, kazi ya mwaka mzima. Basi baada ya wiki chache mkutubi alituma ujumbe kwamba meza zina mabaka. Vikombe vinaacha alama, mbao inakunywa maji, na kamati inataka kumwita fundi mwingine. Baba alikwenda, akarudi, akakaa karakanani bila kugusa chombo. Kisha akasema kwamba kazi yake anaijua, kwa hiyo kosa ni la vanishi, na vanishi ilitoka kwa Mzee Kifuniko.

Dada, ni Mzee Kifuniko huyuhuyu wa duka la rangi, aliyekupa brashi yako ya kwanza, anayegonga kila kifuniko mara tatu hata kama kopo ni tupu. Wamekunywa chai pamoja tangu mimi sijazaliwa. Baba akasema amemchanganyia vanishi na takataka. Mama alijaribu kumtuliza, akamwambia kwamba rafiki wa miaka yote hatupwi kwa sababu ya baka. Baba akajibu kwamba baka likiwa la jina halitoki kwa msasa. Maneno yakavuka barabara yakafika dukani, na Mzee Kifuniko naye akafunga mdomo kama anavyofunga makopo. Kila akipita mbele ya karakana alitazama ng'ambo.

Baba akaniambia nichukue Mashine ya Kuumbua twende maktaba. Nilijisikia kama daktari aliyeitwa usiku, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi. Kwanza nyumbani tulifungua kopo jipya kutoka duka jingine kabisa, nikapaka kibao, nikakiacha kikauke vizuri, nikapima: mng'ao ulikufa kwenye nyuzi hamsini na saba. Kule maktaba nikapima meza, penye baka na pasipo baka. Kotekote ulikufa kwenye hamsini na tano! Nilirudia, nikarudia. Nikamwambia Baba kwamba kilichopakwa pale si sawa na vanishi ya kwenye kibao. Baba alinishika mabega, akasema kwamba pesa za shule hazikupotea. Palepale akamwomba mkutubi aite kamati Jumamosi, na Mzee Kifuniko awepo, ili mtoto wake aonyeshe ukweli mbele ya watu.

Juma lile lilikuwa tamu, nakiri. Baba alimsimulia kila aliyeleta kiti kutengeneza kwamba binti yake ana chombo kinachosoma vitu visivyosomeka. Mimi nilitembea nimeinua kichwa hadi Mama akanionya nisije nikagonga kizingiti.

Jumamosi tukafika. Kamati ni watu watatu pamoja na mkutubi, na Mzee Kifuniko alikuja amevaa koti la heshima, hakunitazama. Meza ya kuonyeshea ilikuwa imebanwa na kabati la vitabu upande wa kulia, kwa hiyo kila anayechungulia ilimbidi abandike shavu la kulia kwenye kabati na kutumia jicho la kushoto. Mkutubi alilalamika kwamba kabati linamvuruga nywele, lakini alipoona mng'ao unakufa alipiga kelele kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa maktaba.

Nikasoma hamsini na tano. Baba akaitikia kwa kichwa. Nikaisogeza mashine mbele ya kiti, pale wasomaji wanapoweka viwiko, nipime mara ya mwisho kwa kukamilisha tu. Hamsini na saba.

Nikarudi nyuma: hamsini na tano. Mbele ya kiti: hamsini na saba. Vanishi gani hiyo mbaya kotekote, nzuri chini ya viwiko? Ndipo nikaona jambo ambalo mtoto wa fundi alipaswa kuliona kabla ya watu wote. Baba humaliza kila kazi kwa nta! Tangu nizaliwe namwona akiipaka na kuisugua kwa kitambaa cha sufu. Mwanga huruka kwenye ngozi ya juu kabisa ya kitu, na ngozi ya juu ilikuwa nta. Nilikuwa napima nta ya Baba, nayo namhukumu Mzee Kifuniko. Kile kibao cha nyumbani hakikupakwa nta, na viwiko vya wasomaji vilikuwa vimeifuta ya mezani.

Dada, ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa tayari wanamtazama Mzee Kifuniko kwa jicho baya, na rafu za mwaka mzima zilikuwa zinarudi kwa Baba. Lakini mwalimu hutuambia kwamba kipimo si cha kumpendelea anayekishika. Nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba kama ya panya, kwamba naomba spiriti na kitambaa. Nikafuta nta sehemu mbili, penye baka na pasipo baka. Pasipo baka: hamsini na saba, sawa kabisa na kibao. Vanishi ya Mzee Kifuniko ilikuwa safi. Na penye baka mng'ao ulikuwa dhaifu na haukufa kwa pembe yoyote, maana palikuwa na mbao tupu. Brashi haikufika pale. Tukatazama meza baada ya meza, na mabaka yote yalikuwa ukingo mmoja, ule wa kushoto kwa mtu aliyeshika brashi.

Baba alisema kwamba haiwezekani, yeye hajawahi kuruka ukingo, na anataka kuona mwenyewe. Akaivua ile miwani yake ya vumbi. Sikukuambia kwamba siku hizi anaivaa mpaka mezani, na Mama humuuliza kama anaogopa vumbi la chai. Akabandika shavu kwenye kabati, akaweka jicho la kushoto kwenye bomba. Nikamwambia nitazungusha, aniambie unapokufa. Kabla sijagusa kitu akasema umekufa. Nikazungusha hadi mahali mng'ao unapowaka sana. Akasema, naam, umekufa.

Niliondoa mkono kwenye bomba. Nikainua uso nikakutana na macho ya Mzee Kifuniko, naye alikuwa ameelewa. Na unajua mtu yule, aliyetukanwa mtaa mzima na mwenye haki ya kucheka, alifanya nini? Alisema kwa sauti kubwa kwamba tochi hizi za siku hizi betri zake ni za kuazima, zinamsumbua fundi bure kwa mwanga wa kufa, twende tukanywe chai. Akaizima tochi yangu kwa kidole chake mwenyewe. Baba akasimama, akamshika mkono, akamwambia mbele ya kamati yote kwamba amemkosea. Mzee Kifuniko akajibu kwamba amelisikia, ila chai atalipa Baba. Mkutubi naye akasema turudie kingo, halafu tuzungumze habari za rafu.

Tulirudi kwa miguu, Baba na mimi. Sikujua nianzie wapi, basi nikahamia upande wake wa kushoto, nikanyoosha mkono karibu na uso wake, nikapunga. Aliendelea kutembea. Nikamwita. Aligeuza kichwa kizima, Dada, kama mtu anayefungua dirisha, ndipo akauona mkono wangu. Tukasimama palepale kando ya ukuta, akaniambia.

Sasa shika kiti kama hujakaa. Unaikumbuka kanuni ya karakana yetu, ile ya ukingo wa mwanafunzi? Kwamba fundi hupaka meza yote lakini ukingo wa kushoto huuacha kwa mwanafunzi, maana fundi akimaliza kila kitu mwanafunzi atakula nini? Ulinisimulia ukijivuna, ukasema ni desturi ya mafundi wa zamani. Si desturi ya mafundi wowote. Baba aliitunga mwenyewe, mwaka ule ulipoanza kumsaidia, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu na kingo za upande ule zilimponyoka. Wewe ulikuwa jicho lake bila kujua. Ulipopata nafasi ya chuo alinyamaza kimya, akanunua ile miwani ya vumbi ili ukungu wa jicho usionekane, akaanza kupaka ukingo wako mwenyewe. Alisema mkono ulidhani umefika, na jicho halikuwa na la kubisha.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba angesema usingeondoka; ungekataa chuo, ungebaki umeshika brashi, na hilo lingemuuma kuliko jicho. Nikamuuliza kwa nini hakuniita mimi. Akasema mimi nilikuwa na shule. Kisha akaniapisha nisikuandikie neno mpaka yeye aniruhusu. Ndiyo maana ya ukimya wangu wa wiki sita, Dada, sikuwa nimenuna kwa ajili ya ile kadi ya maneno manne. Au nilinuna siku mbili tu.

Mama alipoambiwa alisema kwamba mume wake amemdanganya kwa miwani, na angalau angechagua iliyo nzuri. Siku ya pili Mzee Kifuniko alikuja mlangoni, amevaa lilelile koti la heshima, akasema anakwenda hospitali ya macho kusalimia mtu, na hapendi kusafiri peke yake. Hakuwa na mtu wa kusalimia. Alitembea upande wa kushoto wa Baba njia nzima. Daktari alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa, lakini anatolewa. Baba akamuuliza kama akishatolewa huyo mtoto atalipiwa karo na nani, maana tayari anao wawili wanaokula vitabu. Mama alisema kwa utani huo akajua kwamba anaogopa sana.

Walimpasua Jumatano hii iliyopita, zamu yake ilipofika. Wakati anasubiri kupona, mimi na Mama tulipeleka brashi maktaba, nikapaka zile kingo zote, naye akanishikia taa. Nilipima kila ukingo baada ya kukauka na kabla ya nta, nimejifunza! Mkutubi amesema rafu ni za Baba.

Na leo asubuhi bandeji imetoka.

Hakutaka kutazama dirishani wala kutazama uso wa Mama, jambo ambalo Mama atamkumbusha kwa miaka kumi. Aliagiza Mashine ya Kuumbua iletwe jikoni, iwekwe juu ya meza yetu ya chakula, ile mliyoitengeneza wewe na yeye. Nilifuta nta. Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akaweka la kushoto kwenye bomba, akanikataza nisiguse chochote. Alisogeza mikono ya mbao mwenyewe, akazungusha kikaratasi mwenyewe, polepole, anapumua kama anayepaka mkono wa mwisho wa vanishi. Kisha akasema: “Umekufa.” Nikainama kwenye ubao. Hamsini na saba, Dada! Hamsini na saba barabara! Nilipiga kelele hadi Mzee Kifuniko akavuka barabara kuja kuuliza nani kaungua.

Lakini Baba alikuwa hajamaliza. Alishusha kichwa usawa wa meza, kama anavyofanya, akatazama mbao kwa mwanga wa dirisha, akaufuata ukingo wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwahi kuukagua, alisema alikuwa akiogopa kwamba akizunguka kuutazama kwa jicho la kulia mngemuuliza sababu. Akafika karibu na kona akasimama. Akapaza sauti kwamba hapa kuna unywele wa brashi umegandia ndani ya vanishi, na huyu binti yake alifundishwa na nani? Nikatazama, na kweli upo, mfupi, umelala kama kope. Nilimletea msasa. Alinitazama kwa macho yote mawili, akasema nikiusogelea ule unywele na msasa atanitoa mimi jikoni kabla yake.

Ameniruhusu kuandika, na ametuma maneno haya: usije. Ukirudi kabla ya kumaliza chuo atakufungia mlango ambao uliupiga vanishi mwenyewe. Ila likizo ikifika, njoo, una unywele wa kujieleza.

Mama anakusalimu sana, na madirisha ufunge. Mzee Kifuniko anakusalimu, amekuwekea brashi pana ya manyoya laini na ameigongea kifuniko mara tatu ingawa brashi haina kifuniko. Wasalimie wenzako wa chuoni, hasa yule anayekoroma. Nami nakutakia afya, utulivu na nyuzi zisizosongamana, popote unaposimama na kipimo chako.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi mpya wa ukingo wa kushoto, ambaye Baba sasa anasema hamhitaji tena lakini amemwachia ukingo palepale,

Kiherehere